Uso Ulio Chini ya Kiraka

Ukurasa wa shimo la kaskazini ulijichora kabla Lugano hajamaliza kulitaja shimo lenyewe. Ukingo mwekundu, kina cheusi, na juu yake neno HATARI kwa herufi nene. Katika chumba cha seva, Atuganile alisogeza kiti mbele.

"Rudia," Atuganile alisema.

Lugano aliufunga ukurasa, akauita tena. Ukaja palepale, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

Wiki iliyopita ukurasa huohuo ulikawia. Mbonile, kaka yake Lugano, alikuwa akivuta toroli la chumvi, akakanyaga mahali ambapo lenzi yake ilikuwa bado haijachora kitu. Walimtoa kwa kamba, ameshakufa. Kwa hiyo Lugano hakushangilia. Aliuita ukurasa mara ya tatu, akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umeuponya."

"Sijauponya. Nimeupunguzia mzigo."

Watu wa Ikungwe hawakuwa na macho. Ziwa lilipokauka, vumbi la chumvi lilikula macho ya kizazi kizima, na tangu hapo kila mtoto aliwekewa lenzi kabla hajajifunza kukaa. Lenzi haikuona. Ilijua tu kwamba mbele yako kuna kitu, kina ukubwa fulani na kiko umbali fulani, kisha ikaiuliza tovuti ya mji kitu hicho kinafananaje. Mlango ulikuwa na ukurasa wake, shimo lilikuwa na ukurasa wake, mtu vilevile. Laha ya mitindo ndiyo iliyouambia kila ukurasa uvae rangi gani, umbo gani, sura gani. Kisicho na ukurasa hakikuonekana, na ndiyo maana watu wa Ikungwe walipapasa kijiko mezani lakini waliweza kukuelezea mlima.

Kazi ya Atuganile ilikuwa kupanga laha hizo, ndiyo maana mji ulimwita Mpangaji, na kanuni yake kuu aliwahi kuwafundisha wanagenzi mpaka wakaichoka: linalowahusu wote liandikwe juu, mara moja; linalomhusu mmoja liandikwe chini; na la chini hufunika la juu. Tovuti iliyopangwa hivyo ni nyepesi. Ya Ikungwe haikupangwa hivyo tena. Kila mwaka zahanati ilipowapima watoto, mpimaji alibandika tofauti moja kwa moja juu ya ukurasa wa mtoto: pua imeongezeka, taya limeshuka, kovu jipya chini ya nyusi. Kiraka juu ya kiraka, kwa miaka. Zahanati ilipobakiwa na kipimo kimoja, kikavunjika, viraka vilibaki palepale vikiwa vizito. Katika mashine tatu za kuhifadhi, moja ilikuwa imeungua na ya pili ilikuwa inakohoa. Iliyobaki nzima ilibeba mji wote, na mji ulikuwa unaiua.

Baraza liliamua viraka vifutwe. Atuganile ndiye aliyewahakikishia kwamba chini ya viraka kuna uso wa kawaida wa zahanati, ule wa kuanzia. Watu wangefanana kwa kitambo, kama wanafunzi waliovaa sare, basi. Alikuwa amekagua. Alifungua kurasa za watoto, akaona kila mmoja umeunganishwa na laha fulani, akaona laha hiyo imekamilika, akatosheka. Hakufungua laha yenyewe kutazama ni ya nani.

Asubuhi hii walianza na Mtaa wa Mabirika kama jaribio. Viraka vya mtaa huo vilihamishiwa kwenye mashine inayokohoa, ambayo ingeweza kuvishika mpaka alasiri ikiwa Mungu angependa na feni isiposimama.

"Mabirika wote wana pua moja sasa," Lugano alisema. "Angalau wanaume wao watafanana na binadamu."

"Mkeo ametoka Mabirika."

"Ndiyo maana nasema wanaume."

Kipaza sauti ukutani kilikwaruza. Ilikuwa sauti ya Bi. Tabu Sichone, mwenyekiti wa baraza, mwanamke ambaye hakuwahi kusita katikati ya sentensi. Leo alisita.

"Atuganile, njoo Mabirika. Kwa Bibi Tupokigwe."

"Kuna aliyeumia?"

"Hapana. Ndiyo maana sijui nikwambie nini."

*

Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe na mashavu yaliyobonyea. Miguu yake ilining'inia bila kufika chini.

"Shikamoo," mzee alisema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu.

Atuganile alichelewa kuitikia. Ulimi wake ulikataa kumpa marahaba mtu mwenye mvi. "Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi Anyosisye. Mjukuu."

Bibi Tupokigwe alikuwa ameinama mbele yake na bakuli la uji, akilishika kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni. "Ugonile, mwanangu," alimsalimu Atuganile. "Karibu umsalimie mume wangu."

Ikungwe nzima husema hivyo. Mtoto aliyepewa jina la babu yake huitwa mume na bibi yake, naye hudaiwa matumizi ya nyumbani kabla hajaota meno ya pili. Watu hucheka, uji unanyweka. Atuganile mwenyewe alimwita binti yake "mama", kwa kuwa binti alipewa jina la marehemu mama yake, Subilaga. Utani huo una umri wa mji. Lakini Bibi Tupokigwe hakuwa anacheka.

"Hebu sema 'Tupo'," alimwambia mvulana. "Alikuwa akiniita Tupo. Sema tu, nikusikie nikikuona."

"Sitaki, bibi."

"Mara moja."

"Nimesema mara nne tayari." Mvulana alimgeukia Atuganile. Macho ya mzee, yenye makunyanzi pembeni, yalitaka msaada wa mtu mzima. "Wenzangu wamenikimbia. Wanasema mimi maiti. Na wao pia maiti. Tumekimbiana wote."

Bi. Tabu alikuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma. "Mtaa mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Nimepita nyumba kwa nyumba. Kila mtoto, na wakubwa wengi. Mtendaji wa mtaa anayo sura ya babu yake niliyemzika mwenyewe."

Atuganile alipiga magoti mbele ya kigoda, akauita ukurasa wa mvulana. Hakuwa na haja ya kuusoma wote. Jina la laha aliliona mstari wa kwanza, na moyo wake ukajua kabla akili haijakamilisha hesabu.

"Bibi," alisema, "hili ni kosa. Viraka vyake ninavyo. Naweza kuvirudisha leo hii."

"Kosa la nani?"

"Langu."

"Basi si kosa." Bibi Tupokigwe aliweka bakuli chini. "Miaka yote hii nalala upande mmoja wa kitanda. Leo nimeamka namkuta mlangoni anaomba uji. Ukimwondoa, safari hii hatakuwa ameuawa na homa. Utakuwa umemuua wewe."

"Huyu ni mjukuu wako."

"Nani amekataa? Ni mjukuu wangu. Amepewa jina la nani? Tulimpa jina ili afanye nalo nini?"

Mvulana alishuka kwenye kigoda, akachukua bakuli lake, akaenda kunywea uji nyuma ya pazia, mahali ambapo hakuna aliyeweza kumchora.

*

Waasisi wa tovuti hawakuwa wajinga. Hilo Atuganile alilieleza kwanza, akiwa amerudi chumba cha seva pamoja na Bi. Tabu, kwa sababu aliona lawama zinawaendea wao na ukweli haukuwa huko.

Mtoto aliporithi jina, waasisi hawakumwandikia uso mpya. Walimuunganisha na laha ya marehemu mwenye jina, kisha wakaandika tofauti tu. Kiufundi walikuwa sahihi: mjukuu hufanana na babu, kwa hiyo tofauti ni chache, na nafasi inaokolewa. Kimila walikuwa sahihi pia, maana Ikungwe mtoto wa jina huingia nyumba ya jina, akapewa kigoda cha jina na kuombolezwa kwa jina. Fundi na mila walikubaliana, jambo ambalo si la kawaida, na hakuna aliyelitilia shaka.

"Kwa hiyo hakuna uso wa zahanati," Bi. Tabu alisema.

"Haukuwahi kuwapo. Chini ya kila kiraka kuna marehemu."

"Basi futa laha za marehemu. Acha viraka vya walio hai."

Atuganile alifungua kiraka cha Anyosisye, akakiweka peke yake bila laha chini yake. Kilisema: pua, punguza. Paji, teremsha. Taya, rudisha nyuma. Ngozi, ondoa makunyanzi.

"Punguza kutoka wapi?" aliuliza. "Rudisha nyuma ya nini? Ukimwondoa babu, mtoto ni orodha ya marekebisho ya kitu ambacho hakipo."

Alimwonyesha. Ukurasa wa mvulana ulikuwa kivuli cha kijivu chenye maandishi meusi: MTU. MUME. ANYOSISYE. Hapakuwa na kingine.

Bi. Tabu aliutazama, kisha akatazama pembeni. "Ufunge."

Lugano alisema, "Ujumlishe. Chukua uso wa babu, weka viraka juu yake, upate uso kamili wa mtoto. Kisha uuandike huo juu ya laha ya babu. Nafasi ni ileile. Uso kwa uso."

"Nimefikiria hilo njiani. Kanuni inaruhusu. Babu atafutika kabisa, mtoto atabaki."

"Kwani kuna ubaya gani? Waliokufa wamekufa. Ndugu yangu amekufa. Sitaki kumwona akizurura kwenye paji la mtoto wa mtu."

"Anyosisye yupo peke yake?" Atuganile aliuliza.

Lugano alielewa kabla hajajibu. Ikungwe kila mtoto wa marehemu humpa mmoja wa watoto wake jina la marehemu. Asiyefanya hivyo huulizwa na ukoo kama marehemu alimkosea nini. Babu Anyosisye alikuwa na watoto sita walioishi. Wajukuu sita walikuwa wameunganishwa na laha ileile moja.

"Jina moja, laha moja," Atuganile alisema. "Mashine nzima inabeba uso mmoja kwa kila jina. Zaidi ya hapo mashimo yanachelewa tena, na tunarudi kwenye kamba. Kwa hiyo nikiandika uso wa mvulana huyu, binamu zake watano watauvaa. Watakuwa na uso wa mtoto aliye hai, anayeishi mtaa wa pili, anayekutana nao kisimani. Mniambie ni yupi kati ya sita. Mniambie kwa majina yote ya mji huu."

Mashine inayokohoa ilifanya mlio kama wa mtu anayesafisha koo. Feni yake ilisimama, ikaanza tena.

Bi. Tabu alivuta kiti, akaketi. Alikuwa mwanamke wa hesabu, na Atuganile aliheshimu namna alivyokaa na hesabu mbaya bila kuipaka rangi.

"Wazazi watapigana," alisema hatimaye. "Ndugu kwa ndugu, tumbo moja. Mwanangu abaki, wako afutike. Kabla ya mvua tutakuwa tumezika wengi kuliko mashimo yanavyoua."

"Ndiyo."

"Na sura ya marehemu?"

"Hiyo hakuna ndugu atakayeigombea."

"Marehemu hana upendeleo," Bi. Tabu alisema. Alilisema kama mtu anayeandika uamuzi kwenye kumbukumbu za kikao. Na ulikuwa uamuzi.

*

Nje ya jengo watu walikuwa wamejaa. Habari za Mabirika zilikuwa zimekimbia mji mzima, na hakuna aliyekuja kulalamika. Atuganile aliwasikia kupitia dirisha.

"Na sisi wa Kisimani lini?"

"Mpangaji! Mama yangu hata picha hakuacha! Nimwone hata nusu saa!"

"Nusu saa ya nini, wewe? Mwenzio namtaka mpaka nife!"

Mwanamume mmoja, sauti yake ikiwa karibu na ukuta, aliuliza, "Na mwanangu nitamtambuaje?" Mtu akamjibu, "Si ana jina?" na waliokuwa karibu wakacheka kwa furaha, furaha ya watu wanaosubiri mgeni stendi.

Bi. Tabu alikuwa ametoka kwenda kuwatuliza. Kabla hajatoka aliinama sikioni kwa Atuganile. "Jina la mama yako lina warithi wangapi?"

"Watatu. Binti yangu, na mabinti wawili wa dada yangu Lusubilo."

"Lusubilo ni mdogo wako. Angekuelewa. Jina moja tu, katika majina yote. Sitauliza."

Sasa laha ilikuwa wazi mbele yake. SUBILAGA. Uso wa mama yake ulikuwa hapo kwa namba: upana wa paji, mteremko wa pua, nafasi kati ya jino na jino. Pembeni aliweka kiraka cha binti yake, na mashine ikajumlisha. Ukatokea uso mwingine, wenye kovu dogo chini ya nyusi ya kushoto, kovu la tetekuwanga ambalo mtoto alilikuna baada ya kukatazwa. Kilichobaki ni kuandika wa pili juu ya wa kwanza. Mashine isingeona tofauti. Uzito ni uleule.

Alifikiri kuhusu mabinti wa Lusubilo wakiamka na kovu ambalo si lao. Wangelipapasa, wasilikute. Wangeishi ndani ya uso wa binamu yao, na binamu yao angekuwapo, akikua, akizeeka, akiolewa kwa uso ambao wao waliazimwa. Na Lusubilo angejua. Mtu mmoja tu mjini alikuwa na ufunguo wa laha, na Lusubilo alikuwa amekula naye sahani moja tangu utotoni.

Kiraka chenyewe basi, bila kuandika juu ya laha? Kikibaki juu ya ukurasa wa binti yake, mistari michache tu? Lugano, aliyekuwa akitazama kando, alisema jambo hilo kwa sauti: "Cha mtoto mmoja hakiwezi kuielemea mashine, dada."

"Kila kiraka ni kidogo," Atuganile alisema. "Ndivyo tulivyofika hapa. Kilichomuua Mbonile ni vidogo vingi."

Feni ya mashine mbovu ilisimama tena, na safari hii ukimya uliendelea. Taa yake ikawa nyekundu, ikafifia. Viraka vya Mabirika viliondoka nayo. Kama kulikuwa na njia ya kumrudishia Anyosisye uso wake, ilikuwa imekwisha wakati wao wanazungumza.

Atuganile aliufunga ukurasa wa Subilaga bila kuandika kitu. Akachagua kurasa zote za mji, akafuta viraka vyote, na cha binti yake kikiwamo, kwa amri moja. Ndiyo raha ya tovuti iliyopangwa vizuri: amri moja hufika kila mahali.

Nje, umati ulipiga kelele. Kisha kelele zikavunjika vipandevipande, watu wakiitana kwa majina ya zamani, na mahali fulani katikati yake watoto walianza kulia.

*

Uani kwake palikuwa na mama yake watatu.

Walikuwa wamechuchumaa wakicheza mdako wa mawe, vimo vya watoto, nyuso za mwanamke wa miaka sitini aliyekufa kwa figo. Mmoja alikuwa anacheka. Lusubilo alikuwa amesimama ukutani, mdomo ameuziba kwa kanga, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Alipomsikia dada yake akiingia hakugeuka.

"Nimeshindwa kuwajua wangu," alisema. "Mpaka waongee."

"Wangu yupi?"

"Nami nakuuliza wewe."

Atuganile alimwita kama alivyozoea: "Mama!" Neno lilipotoka aliona limekwenda kwa mtu mwingine. Nyuso zote tatu ziliinuka. Mmoja tu alisimama.

Ndani, mtoto alikaa kitandani. Alikuwa ameshauita ukurasa wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mpangaji na alijua namna ya kuuita. "Nimetazama," alisema. "Ni bibi tu. Mimi nimeandikwa wapi?"

"Ulikuwa umeandikwa kwenye kiraka. Nimekifuta."

"Si uandike tena."

"Nikiandika, shimo litachelewa."

"Mistari michache tu."

"Kila mtu ana mistari michache."

Mtoto alifikiri. Alikuwa amelelewa kwenye nyumba ambamo jibu lenye sababu halikujibiwa kwa machozi, akajaribu kutolia, na uso wa bibi yake ukakunjamana kama ulivyokunjamana siku za mwisho hospitali. Atuganile alifumba kope, jambo lisilo na maana kwa mtu mwenye lenzi. Lenzi iliendelea kuchora.

Basi akapapasa kwenye kikapu cha kushonea, akapata uzi. Uzi hauna ukurasa, hakuna anayeuona. Aliunyoosha kutoka ncha ya pua ya binti yake hadi sikio, akafunga fundo. Kutoka pua hadi kidevu, fundo. Upana wa paji, fundo. Vidole vyake vilipofika chini ya nyusi ya kushoto vilikuta kovu, dogo, gumu kama punje ya mtama, mahali ambapo lenzi ilichora ngozi laini ya kizee. Akafunga mafundo mawili hapo, kwa karibu.

"Ni ya nini?" mtoto aliuliza.

"Ni wewe."

"Nani atausoma?"

"Mimi. Kwa mikono."

Alipomaliza aliuning'iniza kwenye msumari ulio kichwani pa kitanda, akakumbuka msumari ulipo kwa kuupapasa. Binti aligusa uzi, akaufuata fundo kwa fundo, kisha akagusa uso wake kulinganisha. Vililingana. Akarudia mara nyingine, kwa umakini wa fundi.

Atuganile hakumwambia lililobaki, ingawa lilikuwa sahihi na angeweza kulithibitisha: kwamba mtoto wa umri wake hukua, pua hurefuka, taya hushuka. Kufikia masika ijayo uso ule utakuwa umesogea, na uzi utakuwa unampima mtu ambaye hayupo.